Jumapili Kumi za Ratri

Ratri hakuwa na baiskeli, wala meza ya kusomea, wala simu yake mwenyewe. Hakuwa na baba. Baba alikwenda Kalimantan kutafuta kazi Ratri akiwa bado ananyonya, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Hakuwa na kitanda cha peke yake, kwa hiyo alilala na bibi yake, Mbah Tumini, aliyekuwa akikoroma. Alikuwa na mama, lakini huu ulikuwa mwaka wa tano mama yuko Hong Kong, akipika na kufua katika nyumba ya watu. Na zaidi ya vyote hivyo, kama ungemuuliza mwenyewe, Ratri hakuwa na Vegaro.

Vegaro ilikuwa mashine mpya ya michezo ya video, nyembamba kama daftari. Ratri hakuwahi hata kuishika, ila aliweza kukueleza uzito wake, betri yake inadumu saa ngapi, na kwa nini watengenezaji walikosea kuifanya nyeupe. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Katika darasa lake mjini Tulungagung, kisiwani Java, hakuna aliyejua habari za mashine za michezo kumshinda, na kila siku baada ya masomo wenzake walimzunguka kwenye mkokoteni wa muuza bakso, supu ya vidonge vya nyama, bakuli mkononi, wamsikilize.

"Kampuni inafunga huduma ya mtandao ya mashine za zamani," alisema Panji, mtoto wa muuza matofali. "Kaka yangu amekasirika kweli. Anasema huo ni wizi. Unamuuzia mtu kitu, halafu unakizima ukiwa mbali."

"Kaka yako amezeeka, ndiyo maana analia," Ratri alijibu, na wenzake wakacheka. "Kampuni ina haki. Utawasha taa za uwanja mzima kwa ajili ya watu wawili watatu?"

"Na hao wawili watatu wenye vitu vyao humo ndani?"

"Watahamishiwa kwenye Vegaro. Kampuni yenye akili haitupi wateja wake. Mimi nimelisoma tangazo."

"Umelisoma lote?"

"Wewe Panji, kula bakso zako, zinapoa."

Hakuwa amelisoma lote. Alisoma mistari ya juu kwenye simu ya Mbah, chaji ikaisha.

Nyumbani Ratri alikuwa na mashine ya zamani, ile ya kukunja kama kitabu. Mama alinunua mbili za rangi moja, akabaki na moja na nyingine akaituma nyumbani. Zote mbili zilikuwa na mchezo uleule: kila mchezaji ana kijiji chake kidogo, anapanda maua, anavua samaki, anajenga nyumba, na kwa njia ya mtandao anaweza kupita kwenye lango akamtembelea mwenzake. Nakala ya kila kijiji ilitunzwa kwenye kompyuta za kampuni, kwa hiyo mgeni aliweza kuingia hata mashine ya mwenyeji ikiwa imezimwa. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko ya mama. Aliketi bustanini na wanawake wenzake wa Java, juu ya maboksi yaliyotandazwa, na saa nne kamili mtu wake mdogo mwenye kofia nyekundu alitokea kwenye lango la kijiji cha Ratri. Walimwagilia maua pamoja. Kabla ya kuondoka, mama aliacha barua kwenye sanduku lililokuwa mbele ya nyumba ya Ratri. "Nduk, binti yangu, umekula? Usimwache Mbah abebe maji peke yake. Nimekuachia pichi mbili, moja usile, ipande." Barua zilikuwa fupi, lakini Ratri alizisoma wiki nzima.

Kisha Hesti, mwenzake wa dawati, akaja shuleni na Vegaro. Alimruhusu Ratri aiguse kwa kidole kimoja tu. Jumapili iliyofuata mama alipopiga simu, Ratri alisema, "Mama, mashine yangu imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa. Haiwaki. Na haitengenezeki, Mama, vipuri vyake havipo tena. Siku hizi watu wanatumia Vegaro."

Aliyasema kwa sauti ya mjuzi, na mama alimwamini, kama alivyomwamini siku zote katika mambo ya mashine. "Haya, Nduk. Tutaona."

Siku hiyohiyo Ratri aliifunga mashine ya kukunja katika kanga kuukuu ya batiki, akaificha chini kabisa ya kabati. Hakuona ubaya. Alijiambia kwamba kijiji kitahamia kwenye Vegaro, na mama atanunua yake polepole, na maua yatakuwa palepale.

Zikapita Jumapili kumi. Mama hakuja tena langoni saa nne. Alipiga simu jioni, na sauti yake ilikuwa nzito. Ratri hakuuliza kwa nini. Alhamisi moja likaja boksi kutoka Hong Kong, limezungushiwa utepe wa gundi kila upande. Ndani mlikuwa na dawa ya kuchua ya Mbah, kilo mbili za pipi, na Vegaro.

Ratri aliiwasha. Akatafuta mchezo wa kijiji, akaupata. Akatafuta kijiji chake. Skrini ilimwonyesha uwanja mtupu wa nyasi na swali moja: Je, unataka kuanza upya?

Kesho yake alimwita Panji pembeni, mbali na mkokoteni. Panji alitoa simu ya kaka yake, akashusha tangazo mpaka mwisho, akasoma polepole: vijiji vya mashine za zamani havitahamishwa, na huduma itafungwa Jumapili ya mwisho ya mwezi.

"Ni Jumapili iliyopita hiyo," alisema Panji. Alimtazama usoni, akaacha kutabasamu. "Kwani Ratri, wewe ulikuwa na kitu humo?"

Ratri aliichukua simu, akaisoma mistari ile mwenyewe. Alikuwa mmoja wa wale watu wawili watatu.

Jumapili iliyofuata mama alipiga simu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sauti yake ilikuwa na furaha. "Umeipenda? Nimeifanyia kazi Jumapili kumi hiyo. Nilimwomba mwajiri nisipumzike, akanilipa zile siku mapema. Sasa miguu inaweza kulala." Halafu akacheka kidogo. "Ile siku ya mwisho ya kijiji chetu niliomba nusu saa, nikaenda bustanini. Nilijua mashine yako imekufa, lakini niliingia hivyohivyo. Nilimwagilia maua yako, Nduk, yalikuwa yamekauka yote. Nikakuandikia barua nikaiacha kwenye sanduku."

"Uliandika nini, Mama?"

"Aa, yameshapita hayo. Barua ya sandukuni haisomwi kwa simu."

Ratri alifungua mdomo aseme ukweli. Kilichotoka ni, "Mbah anakusalimia." Mama alipokata, alikwenda kabatini, akaifungua ile kanga, akaiwasha mashine. Ikawaka mara moja, kama inayoamshwa usingizini. Maua yalikuwa yamekauka kweli. Mbele ya nyumba, sanduku lilikuwa tupu. Barua ya mama ilikuwa imekwama kwenye huduma iliyofungwa, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuifikia. Ratri alilia mpaka skrini ikalowa.

Mbah Tumini alikuwa ameyasikia mazungumzo ya simu kuhusu ile barua. Siku ya pili, Ratri akiwa shuleni, alipekua kabati, akaipata mashine, akaiweka kwenye kikapu chini ya tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, akaenda nayo hadi kwa Pak Jarwo, fundi wa redio na simu pale sokoni. Ratri alipopita sokoni akitoka shuleni aliwakuta wote wawili, Mbah kwenye kigoda, fundi na bisibisi yake.

"Kuna barua ya binti yangu humo ndani," Mbah alikuwa akisema. "Nitolee, Jarwo. Hata kama mashine imekufa."

Pak Jarwo aliwasha, akazima, akawasha tena. "Mbah, hakuna kilichokufa hapa. Mashine hii ni nzima kuliko mimi."

Mbah alimgeukia Ratri. Hakupandisha sauti. "Nduk?"

Ratri akaeleza yote, macho yakitazama sakafu: Vegaro ya Hesti, uongo, kanga, tangazo alilolisoma nusu na kulitetea mbele ya watu. Mwisho akazitaja Jumapili kumi.

Mbah alizipanga tempe zake upya ndani ya kikapu. "Nilidhani mama yako amechoka kwa sababu ya umri," alisema mwishowe.

"Nitamwambia kwenye simu, Mbah."

"Kwenye simu utamsalimia tu. Nimekusikia jana. Utaandika."

"Na barua yake? Pak Jarwo, haiwezi kutolewa?"

Fundi alitikisa kichwa. "Hiyo haimo humu, binti. Ilikuwa kwao, na wao wamefunga. Ila nakwambia kitu kimoja. Mashine hizi mbili zikiwekwa karibu, chumba kimoja, bado zinaonana zenyewe bila mtandao wowote. Mama yako akirudi, lango litafunguka. Mwambie asiiuze ya kwake."

Mkataba wa mama ulikuwa unaisha mwakani, kabla ya Idi.

Ratri aliandika siku tatu, akachana karatasi nne. Ya tano ilisema: "Mama, mashine yangu haikufa. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka Vegaro. Jumapili zako kumi siwezi kukurudishia. Usifanye kazi Jumapili tena kwa ajili yangu. Pak Jarwo ataiuza Vegaro, pesa ni zako. Sijui uliniandikia nini sandukuni. Kama hukumbuki, niandikie chochote. Njoo na mashine yako. Nimeanza kupanda maua upya."

Walikwenda posta pamoja. Mbah aliomba asomewe barua, akasikiliza hadi mwisho, akaipokea, akaikunja mwenyewe kwa vidole vyake vizito.

"Sikiliza, Nduk," alisema. "Kujua habari za mashine si vibaya. Lakini mtu akikuamini kwa sababu unajua kuliko yeye, hapo ndipo unapotakiwa kusema kweli zaidi, maana hana njia ya kukukagua. Kampuni ilifunga lango Jumapili moja. Wewe ulikuwa umelifunga Jumapili kumi kabla yake. Hizo hazirudi, hata ukilia. Zilizobaki usiziharibu."

"Ndiyo, Mbah."

Ratri alichovya brashi kwenye kikopo cha gundi kilichokuwa kwenye kaunta, akapaka mdomo wa bahasha, akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika. Karani aligonga muhuri. Kisha Ratri akanyoosha mkono, akaitumbukiza barua sandukuni.