Msomaji wa Chumba cha Seva

Hivi wewe, siri zako umezifungia wapi? Kwenye simu, najua. Wateja wa Bosi Yen pale Taipei nao walidhani hivyo. Programu yake ya ujumbe ilifunga kila neno kwa hesabu ambazo, aliapa, hata yeye asingeweza kuzifungua.

Kisha, saa tano asubuhi, kipaza sauti cha ofisini kikakohoa.

Pei-chun, fundi mkuu, akachomoa waya. Kikakohoa tena. Harufu ya ubani ikatambaa kutoka chumba cha seva, na sauti ya mtu aliyejaza wali mdomoni ikasoma ujumbe wa mteja: "Kaka, vipimo vya damu vimerudi. Usimwambie baba."

"Umeona?" Bosi Yen akamgeukia Pei-chun. "Mwezi wa saba huu, kuzimu kumefunguliwa, mizimu imezagaa, na wewe meza ya sadaka yao unaiweka ndani!"

"Mvua ilikuwa inanyesha, Bosi. Niwape biskuti zilizolowa?"

"Wanalishwa nje! Bibi yako hakukufundisha?"

Siku tatu Pei-chun aliitubia ile meza. Akachoma ubani, akabadilisha nywila zote, akaandika onyo kwa wateja, Bosi akalifuta. Akaliandika tena. Bosi akalifuta tena.

"Tuzime seva basi."

"Tufunge na duka kabisa, sivyo? Hakuna anayeweza kusoma ujumbe wetu."

"Bosi, unamsikia anavyosoma!"

Siku ya nne sauti ilihamia kwenye simu za wateja wenyewe, mji mzima, ikisoma sasa ujumbe wa mwanamke aliyemkimbia mume mwenye panga, ikitaja mtaa wake, kisha kichochoro, kisha ghorofa, polepole, ikilamba kila neno, na kila mtu alijua kwamba mume naye ana simu, na kwamba kilichobaki ni namba ya mlango tu.

Pei-chun akamleta Shangazi Kao, mganga wa hekalu la jirani. Mganga akavua viatu, akanusa, akarusha sakafuni vipande vyake viwili vya mti mwekundu vya kupigia ramli. Mara tatu.

"Wale wa meza walikula wakaenda zao," akanong'ona. "Wana adabu kuwashinda nyie. Huyu kapita mlango mwingine. Kauona una ufunguo, akaingia."

"Hakuna ufunguo mwingine," Bosi Yen akasema.

"Mfukuze tu, Shangazi, nakuomba!" Pei-chun akamshika mkono.

"Nifunge mlango mnaosema haupo? Nitaushika wapi, mwanangu?"

Kipaza sauti kikavuta pumzi. "Namba..."

"Ni mimi!" Bosi Yen akapiga magoti. "Kampuni ya filamu iliwataka maharamia wanaotumiana filamu zake za wizi. Nikaitengenezea ufunguo wa pili. Unafungua ujumbe wa kila mtu, Pei-chun. Nilikuachia wewe lawama, na ni mimi niliyeutengeneza."

"Sasa mlango nauona," Shangazi Kao akasema, na kipaza sauti kikakatika kabla ya namba.