Majina ya Bibi Zuwena

Kila asubuhi nilipofagia uwanja wa nyumba yetu mtaani Kanyenye, Bibi Zuwena alikuwa barazani akiwaombea rehema wazee wake waliotangulia kwa majina, kuanzia wale wapagazi waliobeba mizigo kwa miguu hadi pwani. Majina hayo hayakuandikwa popote. Nilimrekodi mara moja tu, kwa simu yake ya kitochi. Kisha akafariki, na simu nayo ikafa. Ikabaki kadi ya memori.

Baba alinipa kadi hiyo niiandae sauti isikike kwenye sabufa siku ya hitima ya arobaini. Nilikubali kwa majigambo, eti mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta shuleni. Mtaalamu gani! Jina la faili liliishia na .amr, na nyimbo zote zinazouzwa vibandani huishia na .mp3. Basi nikafuta herufi zile, nikaandika hizi. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Nilipochomeka kadi, sabufa haikutoa hata mkwaruzo. Niliona nimemuua bibi mara ya pili. Baba alipouliza, nilisema kadi ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Aliketi mkekani akajaribu kuyakumbuka majina, akafika la tatu, akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia. Chakula kilinishinda siku nne nzima.

Siku moja kabla ya hitima, nilimwambia baba ukweli. Hakunipiga. Alinishika mkono hadi kwa Anselm, fundi simu wa karibu na soko.

“Umebadilisha kibandiko tu,” alisema fundi. “Gunia la mahindi ukiliandika mchele, ndani ni mahindi yale yale.”

Alirudisha .amr, kisha akatumia programu kuigeuza sauti yenyewe kuwa mp3. Bibi akasikika, lakini kama mtu anayeongea ndani ya chungu. Nilimsihi fundi aisafishe. Alisema simu ndogo huibana sauti ili faili liwe jepesi, hubakiza maneno na kutupa sehemu nyingine za sauti, na kilichotupwa hakirudi.

Kwenye hitima majina yalisikika yote. Baba aliniinamia.

“Kompyuta ilikuuliza, ukajibu usilolijua. Mimi nilikuuliza, ukajibu uongo. La kwanza fundi amelitengeneza. La pili usilirudie, mwanangu. Usipojua, uliza, ukiharibu, sema mapema.”

Nilikuwa nimesahau mwisho wa rekodi. Baada ya jina la mwisho, bibi aliuliza, “Najiat, umeshazima?”

Nikainuka, nikaizima sabufa.