Nani Alishona Kola Ile?

Kila alipotoka shuleni, Sindano alipitia chumba cha ushonaji cha shangazi yake. Alivua viatu mlangoni, akafagia vipande vya nguo, kisha akaketi kushona vifungo. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake, naye hakuwa mtu wa maneno mengi.

Shangazi hakupenda majivuno hata kidogo. Kuna binti aliwahi kufukuzwa kazi kwa kujipiga kifua mbele ya wateja, na Sindano aliyaona hayo kwa macho yake. Basi juzi, mteja mmoja aliposifia kola ya marinda ya gauni lililotundikwa dirishani, na Shangazi akauliza imeshonwa na nani, Sindano alimkumbuka binti yule. Alikuwa ameishona yeye, Shangazi alipokuwa mgonjwa.

"Ni Dada," akasema.

Dada, msichana mkubwa aliyejifunza ufundi hapo, hakukataa. Sifa za bure nani huzikataa?

Leo mteja yule alirudi na hariri nyeupe aliyoachiwa na marehemu mama yake. Alitaka binti yake ashonewe gauni la harusi lenye kola kama ile. Kitambaa kilitosha gauni moja tu. Shangazi akamkabidhi Dada mkasi.

Sindano aliona kosa mara moja. Kitambaa cha kola ile hukunjwa kwanza pembe kwa pembe ndipo kikatwe, la sivyo marinda hayakai. Dada alikuwa amekitandaza tu mezani, jasho likimtoka, maana naye aliogopa kuaibika. Sindano akisema, ataonekana mwongo na mwenye majivuno, afukuzwe kama yule binti. Akinyamaza, urithi wa watu utaharibika mbele ya macho yake. Mkasi ukafunguka.

"Shangazi, mzuie," alisema. "Kola ile nilishona mimi."

Dada aliweka mkasi chini, akakiri kwa sauti ndogo kwamba hajui hata pa kuanzia. Sindano alisubiri kufukuzwa, machozi yakimlengalenga.

"Kwa nini ulinidanganya?" Shangazi aliuliza.

"Niliogopa utasema najigamba."

Shangazi akashusha pumzi. "Yule binti nilimfukuza kwa kuwadharau wenzake. Kusema alichofanya hakukuwa kosa, na mimi nilikosea kutowaeleza. Unyenyekevu si kuificha kazi yako ukampa mwingine sifa zake. Huo ni uongo, na leo nusura utuponze. Ukiulizwa, sema ni wewe, shukuru, endelea na kazi. Na wewe Dada, sifa isiyo yako usiipokee."

Kisha akamwambia Sindano aseme tena, mteja apate kumjua fundi wake.

"Ni mimi, mama," Sindano alimwambia mteja, safari hii bila kuinamisha kichwa.

Akaanza kuikunja hariri pembe kwa pembe, na Dada akamshikia upande wa pili ili ajifunze.