Nauli ya Tawi

Kiti cha tatu kilikuwa kimevutwa tena. Léonidas alikisukuma kwa goti kirudi chini ya meza, maana mikono yake ilikuwa imejaa ramani na kikombe cha chai. Katika fleti ile ya ghorofa ya tisa, South Beach mjini Durban, waliishi watu wawili tu, yeye na mke wake. Upepo, alijiambia. Upepo wa baharini una nguvu, lakini kuusingizia kwamba unavuta viti vya mbao, hata yeye mwenyewe aliona aibu.

"Hapa ndipo tutakaa," alisema, akiweka kidole kwenye ramani. "Juu ya Howick, pembeni ya msitu. Mwezi huu wa tano majani yamegeuka njano, jua linapita chini, mbawala wanatoka mapema. Wewe utashika ile lenzi ndefu."

"Sawa," Lyse alisema.

Sawa yake ilikuwa ile ile ya mwaka mzima. Ukimwambia chakula kiko tayari, sawa. Ukimwambia nyumba inaungua, nadhani angesema sawa. Tangu wamzike Ghislaine, binti yao wa pekee, aliyechukuliwa na homa kabla hata hawajazoea kumwona na sare ya shule, Lyse hakucheka tena, na baada ya siku za msiba hakulia tena. Zamani yeye ndiye aliyekuwa na jicho. Léonidas alipiga picha za harusi za Warundi wenzake na picha za pasipoti kwenye kibanda chake cha Pinetown, kazi ya kulisha tumbo, lakini Lyse aliweza kumsubiri ndege mmoja tangu asubuhi mpaka mchana na akarudi anang'aa. Sasa kamera yake ilikuwa imelala kabatini chini ya mashuka.

Hata kuitana kulibadilika. Kwao mtu akishazaa huitwa kwa jina la mtoto, na kwa miaka yote ya uhai wa binti yao walikuwa Papa Ghislaine na Mama Ghislaine. Baada ya mazishi kila mmoja aliliogopa jina lile. Wakarudi kuwa Léonidas na Lyse, kama watu waliofahamiana juzi.

Safari hii ndiyo ilikuwa tegemeo lake la mwisho. Aliamini, wala simcheki, kwamba mke wake akishika tena kamera na kumwona mnyama mmoja tu akitoka kwenye ukungu, kitu ndani yake kitaamka. Kisipoamka, hakujua tena amfanyie nini.

Kwa hiyo wiki iliyotangulia alikwenda huko peke yake kukagua mahali. Alipapenda. Ukingoni mwa msitu ulisimama mti wenye majani ya njano yanayong'aa na miiba iliyoota miwili miwili, mmoja umenyooka, mwenzake umepinda kurudi nyuma. Léonidas ni mtu wa studio. Hapigi picha ya kitu kabla hajapima rangi yake nyumbani, kwa utulivu, kwenye mwanga anaoufahamu. Akakata tawi moja la mti ule, refu kama mkono wake, akarudi nalo barabarani.

Kwenye teksi, kama wanavyoziita daladala zao, lile tawi lilimchoma abiria. Dereva akageuka, akasema kwa Kiingereza cha hasira kwamba hicho kichaka ama kitupwe nje, ama kilipiwe kiti chake. Léonidas akalipa. Tawi likakaa dirishani, yeye pembeni yake. Na kwa kuwa Lyse, tangu msiba, alikuwa hawezi kutulia mtu wake akiwa barabarani, Léonidas alimpigia simu na kumsimulia njia yote kwa sauti.

"Tumetoka Howick sasa. Tunavuka mto. Usiogope, iko salama. Hapa Pinetown, tunashuka, tunapanda gari ingine. Haya, twende nyumbani. Tumefika nyumbani."

Aliona abiria wamenyamaza. Aliona mama mmoja mtu mzima aliyeinamisha kichwa kila yeye alipotaja mahali. Akadhani ni heshima ya watu wa Durban kwa mtu anayeongea na mkewe.

Harufu ilianza siku hiyo hiyo. Fleti yao kwa kawaida ilinuka chumvi ya bahari na mafuta ya chipsi ya duka la chini. Sasa ilinuka majani yaliyolowa na udongo wa chini ya mti. Tawi lenyewe alikuwa ameliegemeza kwenye kiti cha tatu, kile cha Ghislaine, kwa sababu pale ndipo mwanga wa dirisha ulipoangukia vizuri. Alifunga kamera kwenye stendi yake, akapiga picha za kupima, na alipozifungua kwenye kompyuta aliona rangi imekaa sawasawa, miiba imetoka kali, ila sponji ya kukalia ya kile kiti ilikuwa imebonyea katikati. Akainua macho akakitazama kiti chenyewe. Tawi halina uzito wa kubonyeza kitu. Akafunga kompyuta.

Yalifuata mengine, madogo madogo, mchana kweupe. Mlio mmoja mkavu kutoka korido, kama mbwa anayekohoa, na Léonidas aliufahamu, maana mbawala hulia hivyo anaposhtuka, lakini mbawala wa ghorofa ya tisa hajazaliwa. Majani ya njano bafuni. Na Lyse, ambaye mwaka mzima hakuongea bila kuulizwa, alianza kunong'ona jikoni kwa sauti ya mtu anayebembeleza.

Siku aliyokuwa akipanga mizigo ya safari, Léonidas alimkuta amekunja makoti ya mvua kitandani. La kwake, la mumewe, na dogo la manjano.

"Lyse," alisema polepole. "Ile ya tatu ni ya nani?"

"Kule iko baridi."

"Nakuuliza, ni ya nani?"

"Usipige kelele," Lyse alimjibu, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alikuwa anatabasamu. "Amelala."

Léonidas alisimama pale akingoja woga umpate, akaona badala yake amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na kilichomtisha zaidi ya harufu na zaidi ya ule mlio wa korido ni kwamba alipoliona tabasamu lile, kabla hajafikiri chochote, moyo wake ulifurahi.

Jirani yao Kulthumu, mwanamke wa Tanga aliyeuza vitenge mjini na kujua lugha na mila za Wazulu kuliko wenyewe, alikuja na sahani ya maandazi. Aliishia mlangoni.

"Hamjambo," alisema, kisha akatazama kile kiti. "Mna mgeni?"

"Hapana, dada."

"Bismillahi. Shemeji, toka hapa nje kidogo." Alimvuta koridoni na kushusha sauti. "Mimi nimekulia nyumba yenye majini, nayajua kwa harufu. Ya kwetu hunukia udi na marashi, huvaa vizuri. Hili lako linanuka shamba. Si la kwetu, ni la hapa hapa. Twende kwa wenyewe."

Wenyewe alikuwa MaMkhize wa Cato Manor, mwanamke mpole mwenye shanga nyeupe kichwani, aliyewapokea uani kwake adhuhuri huku akianua nguo. Léonidas aliona haya. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na sasa alikuwa kwa mganga. Alieleza kila kitu, Kulthumu akitafsiri, na alipofika kwenye nauli MaMkhize aliacha kuanua nguo.

"Anasema huo mti wanauita mlahlankosi," Kulthumu alisema. "Mtu wao akifia mbali, msituni au barabarani, ndugu humwendea na tawi la mti huo. Roho hulishika. Kwenye gari hulipiwa kiti chake. Aliyelibeba haongei na mtu mwingine ila na marehemu, anamwambia sasa tunavuka mto, sasa tunashuka, sasa tumefika nyumbani. Ndivyo wanavyomrudisha mtu wao."

Léonidas alitazama mikono yake.

"Anauliza, wewe ulimchukua nani?"

"Sijui."

"Anasema hata huyo hajui wewe ni nani. Alikuwa huko peke yake siku nyingi, hakuna aliyekuja. Ukalipa, ukaongea naye vizuri, akakufuata. Mrudishe vile vile. Tawi zima, na nauli yake, na maneno yale yale. Na usiongee na mtu mwingine njiani."

MaMkhize akaongeza neno. Kulthumu alisita kabla ya kulitafsiri.

"Anauliza kama kuna mtu pale nyumbani ameshampa jina. Kwa sababu akipewa jina, basi hilo ni lake, na pale ni kwake."

"Hapana," Léonidas alisema, na hakuwa na hakika.

Safari waliyoipanga kwa ajili ya mbawala ikageuka kuwa hiyo. Lyse alikataa kwenda. "Nenda tu. Nitakaa hapa," alisema, na hakulitazama tawi lilipobebwa. Asubuhi hiyo Léonidas alilipia viti viwili, akaliweka tawi dirishani, akaanza kuongea nalo mbele za watu, na hakuna aliyemcheka.

"Tunatoka Durban. Hapa ni Pinetown, tunabadilisha gari. Twende, pole pole."

Simu yake iliita. Lyse. Iliita mpaka ikakatika, ikaita tena, na tena, na kila ilipoita aliona jina la mke wake kwenye kioo na kuwaza kwamba ameanguka, kwamba amefungua dirisha la ghorofa ya tisa, kwamba kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima ana kitu cha kumwambia na yeye yuko hapa anaongea na mti, lakini aliibana simu mapajani na kuendelea, "Tunavuka mto, sasa tunavuka mto," sauti ikitetemeka hivi kwamba dereva alizima redio mwenyewe.

Alilaza tawi chini ya mti wake. "Tumefika kwako," alisema. "Nisamehe. Sikujua."

Mwanga ulikuwa ule ule aliouota. Ukungu uliinuka kwenye majani ya njano na mbawala jike akatoka, akasimama karibu kabisa, manyoya yakimeremeta. Léonidas alikuwa na kamera shingoni. Alimtazama mnyama mzuri kuliko wote aliowahi kuwaona na hakusikia chochote ndani yake, hata kidogo. Akageuka akarudi, akalipa kiti kimoja.

Nyumbani hakukuwa na harufu ya udongo. Kulikuwa na harufu ya maharage na vitunguu. Lyse alimfungulia mlango akiwa amejitanda kitenge safi, macho yanang'aa, mashavu yamenawiri, na kamera yake ilikuwa mezani, imefutwa vumbi.

"Karibu, Papa Ghislaine," alisema.

Léonidas alibaki mlangoni.

"Tulikupigia sana, haukushika," Lyse aliendelea. "Yeye ndiye alitaka kukusalimia."

Meza ilikuwa na sahani tatu. Juu ya mgongo wa kiti cha tatu kulitundikwa koti dogo la manjano, na mbele ya sahani, ndani ya glasi ya maji, kulikuwa na kijiti kifupi chenye jani moja na miiba miwili, mmoja umenyooka, mwenzake umepinda. Kidole cha Lyse kilikuwa na damu iliyokauka, pale miiba ilipomchoma akikivunja kijiti kile kutoka kwenye tawi kabla halijaondoka.

Ilikuwa kazi ndogo tu. Kukichukua kile kijiti, kukirudisha kesho. Léonidas aliifikiria, kisha akamfikiria mwanamke aliyesema sawa mwaka mzima, akimsubiri arudi kutoka Howick kwa mara nyingine. Alijua aliyekaa pale si mtoto wake. Alijua kama anavyojua jina lake. Akavua kamera shingoni, akanawa mikono, akaketi.

"Mama Ghislaine," alisema.

Lyse akacheka, kicheko chake kile cha zamani, akampakulia. "Sasa tuhadithie safari. Anasikiliza."

Léonidas alitazama sahani yake, na alipofungua kinywa hakupata maneno mengine ila yale aliyokuwa nayo.

"Tumetoka Howick," alianza. "Tumevuka mto. Tumefika nyumbani."

Na sponji ya kiti cha tatu ikabonyea taratibu, kisha kiti kikajivuta chenyewe karibu na meza.