Toleo Lisilo na Namba

Asubuhi ile nyaraka za mfumo zilikuwa sahihi, na hapo ndipo Mama Pacha alipojua kuna jambo. Katika ofisi yao nyaraka zilikuwa gofu: kila mtu alijua zipo, hakuna aliyeingia. Mkuu wa idara alizisifu mbele ya wageni, naye hakuwahi kuzifungua.

"Nani kahuisha nyaraka?" aliuliza.

"Labda malaika," akajibu Fundi, jirani yake wa meza. "Binadamu wa humu nawajua."

Kazi yao ilikuwa kuunganisha programu mbili za hospitali, ya wodi ya watoto na ya chumba cha dawa. Kati ya hizo palikuwa na mkataba, ulioandikwa humo kwenye nyaraka: nini kitumwe, kwa umbo gani, na mfano wake. Kila mtu alipobadili kitu, mtambo ulijaribu wenyewe kama pande zote bado zinaushika. Zikiafikiana, taa ya kijani, zikihitilafiana, nyekundu. Mfano aliuandika Mama Pacha siku ya haraka, na kwa uvivu akaweka wanawe mwenyewe: watoto wawili, tarehe moja ya kuzaliwa.

Sasa mfano ulisema: *Mtoto mmoja. Wa pili ni marudio, ameondolewa.*

Taa ilikuwa kijani.

Akaandika tena "wawili". Nyekundu. Kwenye meza ya kona, ambayo haikuwa na hata kibodi, vikasikika vidole vikichapa taratibu, kama vya mwalimu anayesahihisha daftari. Hewa ikanuka chumba kilichofungwa miaka. "Mmoja" likarudi mbele ya macho yake. Kijani.

"Fundi," alinong'ona. "Unasikia?"

"Tangu juzi." Fundi akavuta kiti karibu. "Marehemu bibi yangu alikuwa mganga wa kutoa majini. Alisema nyumba isiyokaliwa haikosi mwenyeji. Huyu kakuta gofu, kahamia, sasa anafagia."

"Anatolewaje?"

"Mrudishie nyumba kama alivyoikuta. Weka toleo la zamani la mkataba, upesi!"

Mama Pacha akapiga simu nyumbani kwanza. Dada yake mkubwa ndiye aliyeshinda na watoto.

"Hajambo, kalala," dada akasema.

"Na mwenzake?"

"Mwenzake nani, mdogo wangu?"

Akalitafuta toleo la zamani, akafungua kabrasha baada ya kabrasha kwenye mtambo, na halikuwepo, kwa sababu hawakuwahi kuyapa matoleo namba, kila walipoubadili mkataba waliandika juu ya ule wa jana wakisema watapanga kesho, na vidole vya kona viliendelea kuchapa huku yeye akijikaza kukumbuka yupi aliogopa maji na yupi alilala kakumbatia kiatu, kisha ni kiatu tu alichokikumbuka, kisha hakukumbuka kwa nini amesimama.

Akaketi. Hakuna kilichouma.

Jioni alimwogesha mtoto. Kwenye kamba zilining'inia taulo mbili ndogo zinazofanana. Moja akamfutia mwanawe, nyingine akapigia deki.

Asubuhi Fundi alikuwa mezani, anapiga mluzi.

"Za nyumbani, Mama Pacha?"

"Salama."

Akafungua nyaraka. Zote za leo, safi, hazina hata vumbi. Akajiuliza nani alianza kumwita jina lile, yeye mwenye mtoto mmoja. Watu wa ofisi na utani wao.