Bawa Lililovunjika Angani

Rubani alikuwa amekata roho kabla watu hawajafika. Ndege yake, ile isiyo na injini, ililala kifudifudi majanini, bawa la kushoto likiwa limeangukia mbali. Waya wa winchi, mashine ya ardhini iliyokuwa ikiivuta juu, ulikuwa bado umenasa tumboni mwake, umejaa tope la mvua ya alfajiri.

Mpelelezi alipowasili, alimkuta fundi wa winchi keshatiwa pingu.

"Alivuta kwa kasi mno huyu," askari alisema.

"Nimevuta kama siku zote, afande," fundi alimlilia mpelelezi. "Na hata ningezidisha, kiungo kingekatika kwanza. Asubuhi kimemkatikia marehemu mara mbili, wageni waliokuja kutazama wakamcheka mpaka basi."

Mpelelezi aliinama. Kiungo kilikuwa kipande cha chuma kati ya waya na ndege, kilichoundwa kikatike mvuto ukizidi nguvu za mabawa. Hiki kilikuwa cha buluu, ndicho hasa cha ndege ndogo ya mtu mmoja kama hii, tena kizima. Kilikuwa kikavu, kinang'aa.

"Nani alifika hapa wa kwanza?"

"Mwalimu wa urubani. Kaka wa marehemu."

Mwalimu alikuwa karakanani, ameketi mezani, macho mekundu.

"Pole sana, kaka," mpelelezi alisema. "Pale ulipofika, uligusa nini?"

"Nilimkumbatia mdogo wangu. Kingine sikugusa."

"Kiungo hukukipangusa?"

"Nikipanguse cha nini?"

"Basi kiliburutwaje kwenye tope kisichafuke? Waya wote ni tope tupu. Hiki hakikupaa na ndege. Kilichopaa kiko wapi?"

Mwalimu alitia mkono mfukoni, akaweka mezani kiungo cheusi, kinene, cha ndege ya watu wawili. Tope lake lilikuwa bado bichi.

"Walimcheka," alisema. "Akashindwa hata kunitazama usoni. Nikamfungia hiki kigumu kisimkatikie tena, sikumwambia. Nilitaka apae tu, mbele yao."

"Na fundi?"

"Nilimwona akifungwa pingu. Nikanyamaza."

Mpelelezi alimwagiza askari aliyekuwa nje amfungue fundi pingu.

"Mama yetu bado hajui," mwalimu alisema kwa sauti ya chini walipotoka nje. "Naomba mtume mtu akamwambie."

"Utamwambia wewe," mpelelezi alijibu, akimfungulia mlango wa gari. "Yote. Mimi nitasimama kando yako."