Nani Anaosha Gari la Ochola?

Treni ya abiria kutoka Mombasa iliingia Voi ikiwa imechelewa saa nzima, na kwenye jukwaa watu walikuwa wamebanana: wenye matenga ya kuku, wenye watoto mgongoni, wauza ndizi wakikimbilia madirisha. Wakesho alipenya hadi dirisha la mizigo. Alikuwa fundi wa cherehani kwenye baraza ya duka moja la nguo mjini, na kitambaa alichokingoja wiki mbili kilikuwa cha sare za kwaya iliyotaka kuvaa Jumapili. Karani aliyekaa nyuma ya dirisha, Mjaluo mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama yenyewe, alimwambia bila kuinua macho kwamba mzigo haujafika.

"Umefika. Naona jina langu hapo nyuma yako," Wakesho alisema.

Karani akageuka, akaangalia, akamrudia. Sasa macho yaliinuka. Aliona gauni la njano alilolishona mwenyewe, kiuno kimekaa pale panapostahili kiuno, na uso usio na haraka ya kusamehe.

"Wakesho wa Silvanus," alisoma. "Basi mzigo umefika. Sasa ni mimi nimepotea."

"Ukijipata, nipe mzigo wangu."

Ndivyo Wakesho alivyokutana na Hudson Ochola, mwaka wa 1972. Kabla ya mwezi kwisha karani alikuwa ameshaleta suruali nne zipunguzwe miguu, na hakuna hata moja iliyokuwa ndefu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kila saa kumi jioni simu ya duka ililia kutoka steshenini, na mwenye duka akachoka kuulizwa kama fundi yupo, akaihamishia simu dirishani karibu na cherehani. Ochola alimwita Nyar Taita, binti wa Taita kwa Kijaluo chao. Naye Wakesho alimwita karani wangu.

Miaka miwili ilipita hivyo, tamu yote, ila neno moja tu halikusemwa. Ochola hakuwahi kumtajia ndoa. Wakesho alikuwa na miaka ishirini na sita, na kila alipopanda kwao Chawia, milimani, mama yake alimtazama kidoleni kabla ya kumsalimia. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Alimpenda yule mtu, na hakujua kama anapendwa au anapitishiwa wakati.

Badala ya pete, Ochola akanunua gari. Ilikuwa Datsun 1200, mpya kabisa, bluu iliyokolea, viti bado vimevikwa nailoni. Alikuwa amejinyima miaka saba kwa ajili yake. Aliilaza nje ya nyumba yake kwenye kwata, nyumba za wafanyakazi wa reli, na kwa kuwa vumbi la Voi ni jekundu na halina adabu, kila Jumamosi ilikuwa siku ya kuiosha. Alianza kwa kumwaga maji matupu ili vumbi liondoke bila kukwaruza. Halafu sponji na povu, kutoka paani kwenda chini. Halafu kipande cha ngozi laini cha kukaushia. Halafu polishi ya mkebe, anaipaka kwa kuzungusha kidole kimoja ndani ya kitambaa, anangoja igeuke ukungu mweupe, anaifuta kwa flaneli kabla haijakauka sana. Matundu ya mbele aliyasugua kwa mswaki. Hata magurudumu aliyapaka rangi ya viatu.

Mwanzoni Wakesho alicheka. Baadaye kicheko kilikata. Mkono wa Ochola ulianza kunuka polishi hata pale alipomshika shavu, na Jumamosi, siku yao ya kutembea, ikawa ya Datsun.

"Si uende ukaioe hiyo gari," alimwambia siku moja.

"Ningeioa," Ochola alijibu, "lakini haijui kupika kimanga."

Alitania vizuri, maana kimanga, mihogo na maharagwe ya kupondwa, kilikuwa chakula cha kwao Wakesho, naye akasamehe. Gari halina macho, halina midomo. Mtu anaweza kuvumilia.

Mable alikuwa na vyote viwili. Alifanya kazi kwenye kituo cha petroli, alikuwa ametoka upande wa Kakamega, nywele amezichana zikawa duara kubwa kichwani, suruali imembana mapajani na kupanuka kwenye vifundo. Wanaume wa Voi walikuwa wakijaza petroli nusu galoni nusu galoni ili warudi tena. Na Jumamosi moja Wakesho alipofika kwata na sufuria ya kimanga imefungwa kwenye kitambaa, bado ya moto, alimkuta Mable ameinama juu ya boneti ya Datsun, mkono wake umekaa juu ya mkono wa Ochola, wanazungusha kitambaa pamoja, polepole.

"Hivi," Mable alikuwa akisema. "Usiikandamize. Ibembeleze."

Ochola alikuwa akicheka. Wakesho alisimama pale kona ya nyumba ya jirani, sufuria ikamchoma mikono, kisha akageuka akarudi njia aliyoijia. Kwao msichana hafui nguo za mwanamume hivi hivi. Akionekana kambani anaanika shati lake, kijiji kizima kinajua nyumba inajengwa. Na gari la Ochola, mbele ya watu wote wa kwata, lilikuwa shati lake la kutokea.

Jumatatu saa kumi simu ililia.

"Nyar Taita, Jumamosi sikukuona."

"Mimi nilikuona."

"Uliniona wapi?"

"Waulize wanaokuoshea," Wakesho alisema, akaiweka simu chini. Siku zilizofuata hakuishika. Mwenye duka alijibu kila jioni kwamba fundi yuko bize, na fundi aliye bize alikaa hatua mbili kutoka kwake akijaribu kuingiza uzi kwenye tundu la sindano bila kulipata.

Alhamisi mwenzake wa cherehani ya pili, Elsie, akamletea mengine. Elsie alikuwa na moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Alisikia kwenye kituo cha petroli kwamba Jumapili Ochola ana safari ya kupanda milimani, kwamba kuna mgeni wa heshima atabebwa, na kwamba Mable ameahidi kwenda Jumamosi alasiri kuling'arisha gari mpaka mtu ajione meno.

"Labda si kitu," Elsie alisema. "Lakini lisemwalo lipo."

Wakesho alishona sketi nzima nje ndani kabla hajatambua. Angeweza kwenda kumuuliza Ochola. Angeweza kumuuliza Mable. Badala yake aliamua jambo moja tu: maadamu yu hai, hakuna mwanamke atakayemwoshea Ochola gari mbele yake.

Jumamosi saa sita, Ochola akiwa bado zamu, Wakesho alifika kwata akiwa amejifunga leso juu ya gauni. Datsun ilikuwa nje, nyekundu kwa vumbi. Alijua kung'arisha. Nyumbani Chawia sufuria za mama yake zilianikwa nje kila asubuhi ziking'aa mpaka wapita njia walisifu, na siri yake haikuwa mkebe wowote wa dukani: ni jivu la jikoni, mchanga mwembamba kidogo, sabuni ya kipande, na bonge la nyuzi za makonge. Makonge hayakosekani Voi. Alichota maji bombani ndoo nane. Alisugua boneti, akasugua milango, akasugua paa akiwa amesimama juu ya kiti. Kila aliposugua alimwona Mable, na mkono ukaongeza nguvu. Majirani walichungulia, naye akafurahi kwamba wanachungulia. Gari lilipokuwa na maji lilimetameta kuliko alivyowahi kuliona. Alisimama kando, jasho linamtiririka, akajisikia ameshinda.

Jua la Voi halichelewi kukausha kitu. Maji yalianza kuondoka paani, yakashuka kwenye boneti, na nyuma yake rangi ya bluu haikurudi. Ukungu wa kijivu ulibaki, na ndani yake mistari midogo, maelfu, mizunguko juu ya mizunguko. Alipitisha kidole. Akalowesha tena. Ikang'aa, ikakauka, mistari ikarudi.

"Umetumia nini?" sauti iliuliza nyuma yake. Mable alikuwa amesimama na mkebe wa polishi mkononi.

Wakesho alionyesha bonge la makonge. Mable alizunguka gari lote, kisha akaketi kwenye kile kiti.

"Dada, sitakudanganya," alisema mwishowe. "Yule mtu mimi nilimtaka. Nani asingemtaka? Lakini Jumamosi ile aliniongelea wewe mpaka polishi ikakaukia kwenye gari. Kesho anampeleka Mzee Okoth kwenu, akaseme na baba yako. Nilidhani unajua."

Mzee Okoth alikuwa mnyapara katika shamba la makonge, ndiye mkubwa wa Wajaluo pale. Wakesho akaegemea ukuta wa nyumba.

Ochola alimkuta bado ameegemea ukuta. Alikuwa amevua kofia ya kazi ili asalimie, na hakuirudisha. Alilitazama boneti. Alilitazama muda mrefu.

"Ni nani?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Nilimwona Mable anaosha. Nikaona nioshe mimi."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Mzee Okoth alimkataza kumwambia, ati Wataita hawapendi msichana ajue kabla ya baba yake. Alisema ameogopa miaka miwili. "Baba yako atamwona mtu wa ziwani, mtu wa kuja, analala kwenye nyumba ya reli ambayo si yake. Nilitaka aione gari kwanza, kabla hajaniona mimi. Sasa ataona nini?" Kisha akasema, "Nenda nyumbani, Wakesho." Hakumwita Nyar Taita.

Hasira hasara, na hasara ile ilikuwa yake peke yake. Alilia njia nzima, akalia tena nyumbani, na asubuhi alipoosha uso aliamua kwamba kama atamkosa yule mtu, hatamkosa akiwa amekaa. Alivaa gauni la maua madogo, akaenda. Ochola alikuwa mlangoni na fulana tu, Mzee Okoth amekaa ndani ya gari na koti lake zito, ananung'unika.

"Vaa shati," Wakesho alimwambia.

"Nikamwambie nini baba yako?"

"Wewe hutasema kitu. Vaa shati, karani wangu."

Walipita Mwatate, wakaanza kupanda, na mpaka Chawia hakuna aliyezungumza ila Mzee Okoth, aliyezungumza na Mungu kwenye kila kona. Silvanus, baba yake Wakesho, aliwapokea uani. Alikuwa mtu mfupi mwenye fimbo na koti la kanisani, na mara moja alianza kulizunguka gari. Mama alimshika Wakesho mkono akamwingiza jikoni, maana kwenye mazungumzo ya aina ile msichana hana kiti. Kupitia dirisha Wakesho alimwona baba yake akipitisha kiganja kwenye mlango, kisha kwenye boneti.

"Gari mpya hii?" baba aliuliza.

"Mpya," Mzee Okoth alisema. "Ni barabara, mzee mwenzangu. Miiba ya huko chini."

Wakesho aliona Ochola akiinamisha kichwa, yuko tayari kuubeba uongo ule maisha yake yote. Alitoka jikoni mama akimvuta leso.

"Si miiba, baba. Ni mimi. Nilisugua kwa jivu na makonge kama sufuria. Nilidhani kuna mwanamke mwingine anayemwoshea. Nilikuwa na wivu, na bado ninao."

Mzee Okoth alifunga macho. Silvanus hakumtazama binti yake, alimgeukia Ochola.

"Ulipoona, ulimfanya nini?"

"Nilimwambia aende nyumbani."

"Ulimpiga?"

"Hapana, mzee."

"Ulimtukana?"

"Hapana. Nilitaka kulia, lakini kulikuwa na majirani."

Silvanus aliguna. Aliegemea boneti lile kama mtu anayeegemea kitu chake. Alisema kwamba watu wamewahi kumletea maneno matamu kuhusu binti zake, na wote walikuja wameoga, wamepiga pasi, na yeye akabaki kukisia siku ya hasira watakuwa nani. "Wewe sihitaji kukisia," alisema. Kisha akashusha sauti, ingawa jikoni walisikia kila kitu. "Mama yake aliwahi kuniunguzia koti la arusi kwa pasi. Kwa sababu ya mwalimu mmoja wa kike wa Mwanda ambaye hata jina lake sikulijua."

"Ulilijua," mama alisema kutoka jikoni. "Na ningeliunguza tena."

Mzee Okoth alicheka kwanza, halafu baba, halafu Ochola, polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umekufa ganzi. Silvanus aligonga fimbo chini na kusema wazee waje tena mwezi ujao na mtamba wa kwanza wa mahari. Aje kwa miguu yake mwenyewe, alisema, kwa kuwa ng'ombe hapigwi polishi.

Ochola alikuja hadi mlango wa jikoni, mahali ambapo hakutakiwa kufika. Wakesho alikuwa ameinama juu ya moto, machozi yakimtoka, akisingizia moshi.

"Nyar Taita," Ochola alisema, "huyo mwalimu wa Mwanda, unadhani kweli baba yako hakumjua?"

"Alimjua," Wakesho alisema. "Na wewe usisimame hapo, mama anakuangalia. Kaa nje unigoje."

Akakaa nje, akamgoja.